Barua ya wazi kwa Waziri wa Misitu: Mtume mkaguzi kabla miche haijafika msituni

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizowasilisha ofisini kwa njia ya kawaida hazikujibiwa. Nina kitalu cha miche kando ya Barabara ya Ngong, hapa Nairobi, na kazi yangu ni kuotesha miti ya kiasili: mtarakwa, muhugu, mutamaiyo na mzambarau mwitu. Kwa miezi kadhaa sasa mitarakwa yangu inakauka. Huanzia nchani, majani yakageuka rangi ya kahawia, kisha gome hupasuka karibu na udongo na kutoa utomvu. Na ukiukata mche kwa kisu unakuta mstari mweusi umepanda ndani ya shina hadi mahali ambapo majani bado ni mabichi. Mtarakwa nimeuotesha tangu ujana wangu na sijapata kuuona ugonjwa wa namna hiyo.

Kilichonimaliza subira ni jambo la wiki iliyopita. Mwanakandarasi aliyepewa kazi ya kupeleka miche msituni mvua za masika zikianza alifika na lori akitaka mitarakwa yote niliyonayo. Nilimwonyesha iliyougua, nikamweleza kwamba hata ile iliyo kijani katika matuta hayo siiuzi, maana huenda imekwisha kuambukizwa. Alinijibu kwamba yeye amepewa idadi, na kwamba huko inakopelekwa miche huhesabiwa tu, haikaguliwi. Akavuka kwenda kununua kwa wenzangu, ambao vitalu vyao vinapakana na changu na ambao tunateka maji katika mfereji mmoja. Siwalaumu, kwa kuwa nao wana watoto wa kulipia karo. Lakini lori lile liliondoka jioni likiwa limejaa, na mizigo hiyo itapandwa katikati ya mitarakwa iliyoota kabla babu zetu hawajazaliwa.

Mheshimiwa, Desemba 2022 Serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila Mkenya apande mti, na mimi nilipanda. Sisi wenye vitalu tulihimizwa tuongeze miche, tukaongeza. Nilikopa pesa za vifuko, samadi na neti ya kivuli. Mkaguzi wa kuitazama miche hiyo sijamwona langoni mwangu hata mara moja.

Ugonjwa umetoka wapi? Nashuku, na nina sababu za kushuku. Karibu na kitalu changu panajengwa majumba ya ghorofa, na mwaka jana ililetwa miti ya mapambo ya jamii ya saiprasi, mirefu kuliko mtu, mizizi ikiwa bado imefungwa pamoja na udongo wake. Wafanyakazi walisema imetoka ng'ambo. Ilisimama kando ya ua wangu kwa wiki nyingi, kadhaa ikakauka kuanzia nchani, ikatupwa mtaroni ambamo maji ya mvua hupita kuja kwangu. Sheria ya Ulinzi wa Mimea, Sura ya 324, inataka mmea wowote unaoingia nchini uwe na kibali cha uagizaji na cheti cha afya kutoka nchi ulikotoka. Nilipouliza habari za karatasi hizo nilifukuzwa na bawabu. Nilipoandikia ofisi ya umma inayohusika, nikitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inayompa afisa siku 21 za kujibu, siku hizo zilipita na nyingine zikapita juu yake. Mwishowe afisa mmoja aliniambia kwa simu ninyunyize dawa. Dawa gani, ya ugonjwa gani, ikiwa hakuna aliyekuja kukata hata kijitawi kimoja akipime?

Nchi hii haiwezi kudai kwamba haikuonywa. Vidukari vya saiprasi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, vilionekana Malawi mwaka wa 1986 na kufika Kenya mwaka wa 1990. Sisi tulio na umri tunakumbuka nyua za saiprasi zikigeuka kahawia boma baada ya boma. Saiprasi yenyewe ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, na hasara yake ilikuwa ya mashamba ya mbao. Lakini vidukari havikuishia hapo, vilihamia kwenye mtarakwa wetu wa asili, ambao ni wa ukoo mmoja na saiprasi. Ilibidi wataalamu walete kutoka Ulaya nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari ndipo nafuu ikaanza kupatikana. Mti wa mbao ukifa, mkulima hupanda mwingine na kuuvuna baada ya miaka 30 hivi. Mtarakwa mkubwa ukifa, hakuna aliye hai leo atakayeuona wa kuchukua nafasi yake.

Tazama pia majirani wa mbali. Mwaka wa 2017 watafiti wa Afrika Kusini walimtambua, katika bustani ya mimea mjini Pietermaritzburg, mdudu mdogo kama punje ya ufuta aliyetoka Asia. Hutoboa shina na kupanda ndani yake kuvu anayekula yeye na watoto wake, na kuvu huyo ndiye anayeziba njia za maji za mti. Ameua miti ya barabarani Johannesburg, na miongoni mwa anaowashambulia umo mparachichi, ambao Wizara ya Kilimo itakueleza thamani yake kwa wakulima wa Murang'a, na jamaa wa karibu wa muhuti wetu. Nako Australia, kutu ya mimea, ugonjwa wa kuvu wa rangi ya manjano wenye asili ya Amerika Kusini, ilionekana mwaka wa 2010 mahali palipokuzwa maua ya kuuza. Imesambaa pwani yote ya mashariki, na ipo miti ya asili iliyokuwa ya kawaida ambayo leo iko hatarini kutoweka kabisa. Kutu hiyo hushika ukoo wa mpera, mkaratusi, mkarafuu na mzambarau. Iko Afrika Kusini tangu 2013. Mizambarau mwitu ya kando ya mito ya Nairobi haina anayeilinda mpakani isipokuwa mkaguzi anayefungua kreti na kutazama chini ya jani.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiagiza Serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na papo hapo kinaiagiza ilinde bayoanuwai, yaani aina mbalimbali za viumbe hai. Huwezi kutimiza agizo la kwanza kwa kulivunja la pili. Miti ya kigeni iliyo hai iwekwe karantini kwanza, ikiwa imetenganishwa na vitalu, mpaka ithibitike kuwa ni mizima. Kitalu kinachouza miche ya kupandwa misitu ya umma kikaguliwe, changu kiwe cha kwanza, na matokeo yake yakiniharibia biashara basi na yaniharibie. Tayari sina cha kuuza. Deni la neti linanisubiri na vijana wawili waliokuwa wakinisaidia kumwagilia nimewaambia wakae nyumbani.

Hayo ni mengi, na najua yatachukua muda. Nikibakishiwa moja tu, Mheshimiwa, ni hili: mtume mkaguzi. Aje na kisu na mfuko safi, akate shina, alipeleke maabara, atuambie ni ugonjwa gani. Taasisi ya Utafiti wa Misitu iko Muguga, si mbali na hapa, na ujuzi wanao. Mpaka jibu lipatikane, miche ya mitarakwa kutoka upande huu wa mji isipelekwe msituni.

Sijachoma matuta yale mawili ingawa majirani wananisihi niyachome, kwa sababu nikiyachoma mkaguzi hatakuwa na cha kupima. Nimeyazungushia kamba na kuyakatia maji ya mfereji. Niko kitaluni kila siku kuanzia saa moja asubuhi, Jumapili pia. Mvua zinakaribia, tafadhali mtume wiki hii.

Wako mtiifu,
Mwenye kitalu, Barabara ya Ngong, Nairobi