Kamera isimame wapi? Namna tunavyopanga picha za droni kabla ya kupima ardhi yako

Wateja wengi wanaotuita kupima kiwanja Kisauni au machimbo ya mawe upande wa Kilifi huuliza kwanza kamera ya droni yetu ina megapikseli ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini haligusi jambo lenyewe wanalolilipia, yaani kama miinuko itakayoandikwa kwenye ramani yao ni ya kweli. Hilo huamuliwa zaidi na mahali kamera ilipokuwa angani kila picha ilipopigwa, na ndiyo sababu sehemu ya malipo yetu ni ya kazi inayofanyika ofisini kabla droni haijaruka.

Fotogrametria, yaani upimaji kwa kutumia picha, hukokotoa mwinuko wa nukta kwa kuitazama nukta hiyohiyo kutoka sehemu mbili au zaidi. Miali inayotoka kwenye kamera ikikutana ardhini kwa pembe pana, mwinuko hupatikana vizuri. Pembe ikiwa nyembamba mno, kosa dogo la kuitambua nukta pichani huzaa kosa kubwa la mwinuko. Aliyewahi kutunga uzi kwenye sindano huku amefumba jicho moja anaijua shida hii. Hata hivyo, kamera zikiachana sana, picha hazifanani tena na programu hushindwa kuzioanisha, kwa hiyo mpangaji hutafuta nafasi iliyo kati ya hali hizo mbili.

Tuchukue kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 13.2 kwa 8.8, lenzi ya milimita 8.8 na picha yenye upana wa pikseli 5,472. Ikiruka mita 100 juu ya ardhi, kila picha hufunika eneo la mita 150 kwa 100, na pikseli moja hufunika takriban sentimita 2.7. Tukitaka picha zinazofuatana zipandane, yaani zionyeshe sehemu ileile ya ardhi, kwa asilimia 80, ni lazima kamera ipige kila baada ya mita 20. Na tukitaka picha za mistari ya kuruka iliyo jirani zipandane kwa asilimia 70, mistari hiyo iachane kwa mita 45. Kwa mpango huo nukta moja huonekana katika picha kama tano za mstari mmoja, na programu hupata picha za karibu za kuoanisha kwa urahisi pamoja na picha za mbali za kupatia pembe pana.

Hesabu hiyo ni ya ardhi tambarare. Ikiwa katikati ya eneo kuna kilima cha mita 40 na droni ikaendelea kuruka kwa kimo kilekile, juu ya kilele kitabaki kimo cha mita 60 tu, picha itafunika mita 90 kwa 60, na kupandana kutashuka hadi kama asilimia 67 kwa mbele na 50 kwa ubavuni. Mwenye eneo hupata modeli (umbo la ardhi lililojengwa na kompyuta) iliyotoboka mahali palepale alipotaka kuchimba. Kwa hiyo kwenye miteremko tunaifanya droni ifuate umbo la ardhi, na kwenye kuta za machimbo tunaongeza picha za mshazari, kwa sababu kamera inayotazama chini wima haiuoni ukuta uliosimama.

Kosa linalotutia wasiwasi kuliko yote halionekani kwa macho. Picha zote zikipigwa wima, kutoka kimo kimoja, kwa mistari sambamba, programu inayokadiria upotoshaji wa lenzi, yaani jinsi lenzi inavyopinda picha, kutokana na picha hizohizo haiwezi kutofautisha kwa uhakika kasoro ya lenzi na umbo la ardhi. Kasoro hiyo huhamia kwenye modeli, na kiwanja tambarare hutoka kimevimba au kimebonyea katikati, huku picha zake zikiwa nzuri za kupendeza. Watafiti James na Robson walieleza mwaka 2014 kwamba picha za mshazari zikichanganywa na za wima hupunguza sana kosa hili. Kurundika picha zaidi za wima hakusaidii kitu. Ndiyo maana utaona droni yetu ikimaliza mistari yake kisha ikarudi kuikata kwa njia ya kupishana, kamera ikiwa imeinamishwa. Kwa anayenunua kifusi jambo hili ni pesa taslimu: kosa la wastani wa sentimita 10 kwenye hekta moja ni mita za ujazo 1,000, sawa na safari 100 za tipa inayobeba mita za ujazo 10.

Pamoja na hayo tunaweka alama za ardhini zilizopimwa kwa GPS ya upimaji, pembezoni na katikati ya eneo, wala si kwa kujipanga kandokando ya barabara kwa kuwa ndipo gari lilipofika. Baadhi yake hatuziingizi kwenye hesabu; tunazitunza za kukagulia matokeo, na tofauti zake tunakukabidhi pamoja na ramani.

Pwani ina masharti yake. Makuti ya minazi yanayoyumba kwa upepo wa kusi hayaoanishiki picha hadi picha, hivyo huko tunaongeza kupandana na kuruka asubuhi mapema. Na penye vichaka vilivyofungana tunapima ardhi kwa miguu, maana kamera huona majani, haioni udongo. Uso wa bahari nao haupimiki kwa njia hii, kwa hiyo viwanja vya ufukweni tunavipangia siku za bamvua, wakati wa maji kupwa, ili sehemu kubwa ya ufuo iwe wazi.

Kabla ya kukupa bei tutaomba mipaka ya eneo, matumizi ya ramani, na kiwango cha kosa la mwinuko unachoweza kukivumilia, kwa kuwa ramani ya kuuzia viwanja na ramani ya kupangia mitaro ya maji ya mvua hazihitaji mpango mmoja. Ikiwa eneo lako liko karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, tuarifu mapema, kwani ni lazima kibali kipatikane kwanza, na mara nyingi makaratasi hayo huchukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe.