Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeombwa majina ya askari wa kupewa medali

Mdogo wangu,

Waraka umeshafika mezani kwako: taja askari wanaostahili medali ya taifa, ya ujasiri au ya utumishi, ambatanisha maelezo, mwisho wa kupokea ni tarehe fulani. Wakuu wa vituo wengi wakipata karatasi kama hiyo huchungulia orodha ya zamu, huokota majina matatu ya watu wasio na kesi, kisha huandika kwamba kila mmoja ni mchapakazi, mwadilifu na wa kuigwa mfano. Kamati ikisoma hamsini za namna hiyo kwa siku moja, hata ukibadilisha majina hakuna atakayegundua. Nakuandikia hadharani ili na wenzako wenye waraka huohuo wasome, maana askari wengi wanaoikosa medali hawakupungukiwa na ushujaa. Walipungukiwa na mtu wa kuuandika.

Kabla ya jina lolote, amua unaombea medali gani. Ya ujasiri hutazama tukio moja: siku, saa, mahali, na mara nyingi dakika chache tu. Ya utumishi mrefu hutazama kalenda na jalada la nidhamu. Ya utumishi uliotukuka iko katikati na ndiyo inayowachanganya watu. Hiyo inataka jambo ambalo askari amelijenga kwa miaka, na ambalo pengo lake lingeonekana kama asingelifanya. Ukiandika kisa cha mtu aliyejitosa mtoni kuokoa abiria wa gari kwenye fomu ya utumishi, usitegemee mtu wa juu akuhamishie.

Mkanganyiko huu ni wa zamani. King's Police Medal ilipoanzishwa Uingereza Julai 1909, miezi michache baada ya konstebo na mvulana mmoja kuuawa wakati polisi wakiwafukuza majambazi wenye bastola huko Tottenham, London, medali ilikuwa moja kwa yote mawili. Aliyemkabili mtu mwenye silaha na aliyeongoza ofisi vizuri walivaa kitu kilekile. Ilifika miaka ya 1930 ndipo zikatenganishwa, na alama iliyochaguliwa ni ndogo sana: utepe wa buluu na fedha wa medali ya ujasiri uliongezewa mistari myembamba myekundu.

Ya utumishi mrefu nitaimaliza haraka kwa sababu ni hesabu. Uingereza ilipoanzisha yake mwaka 1951 ilidai miaka 22, na mwaka 2010 ikashusha hadi 20. Ile ya polisi wa makoloni, ya mwaka 1934, ilidai 18, na vibao vya kuongezea juu ya utepe kwa miaka 25 na 30. Namba ya kwenu iko kwenye kanuni zenu, usiulize kantini. Kinachoharibu ni siku zisizohesabika: likizo bila malipo, muda wa kusimamishwa kazi, wakati mwingine hata miezi ya mafunzo. Kokotoa mwenyewe kutoka kwenye jalada. Kumbukumbu ya askari kuhusu tarehe aliyoajiriwa huwa na ukarimu kidogo.

Sasa ujasiri, ambako ndiko kwenye kazi. Serikali ya Uingereza imeweka wazi vitu vitatu inavyopima: ukubwa wa hatari, kiasi ambacho mhusika aliijua hatari hiyo, na jinsi alivyong'ang'ana. Hata kama kanuni zenu zina maneno mengine, maswali haya yatakufaa. La pili ndilo linalosahaulika. Aliyeingia ndani bila kujua kwamba mtungi wa gesi unavuja ana bahati. Aliyeusikia ukifoka akiwa bado mlangoni, kisha akaingia, ndiye unayemwandikia. Kwa hiyo karatasi iseme alijuaje: aliona, alinusa, aliambiwa na jirani, au alikuwa ameshapigwa risasi ya kwanza.

Marekani ina medali ya ushujaa ya maofisa wa usalama wa umma, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Bodi ya watu 11 huchambua mapendekezo, na kwa kawaida hazitolewi zaidi ya 5 kwa mwaka. Sheria hiyo inadai kitendo kiwe kimevuka wajibu wa kazi. Kwa polisi hapo pana mtego, kwa sababu kukabili hatari ni sehemu ya mshahara wake. Onyesha wajibu uliishia wapi. Utaratibu ulimtaka asubiri zimamoto? Alikuwa nje ya zamu? Alikuwa peke yake mahali panapotakiwa wawili? Angeweza kurudi nyuma na asilaumiwe na yeyote? Ukilijibu vizuri hilo la mwisho kwa sentensi moja, umefanya zaidi ya ukurasa mzima wa sifa.

Tazama tukio la tarehe 20 Machi 1974, barabara ya The Mall, London. Mtu mwenye bastola alilizuia gari la Anne, binti wa Malkia, akitaka kumteka. Inspekta James Beaton, mlinzi wake, alishuka akapigwa risasi begani. Akajibu kwa risasi moja, ikakosa, kisha bastola yake ikakwama. Akajiweka kati ya mshambuliaji na binti huyo, akapigwa mkononi, halafu tumboni. Konstebo Michael Hills alifika, naye akapigwa tumboni, lakini aliita msaada kwa redio akiwa na jeraha lake. Mpita njia, Ronnie Russell, alimtwanga mshambuliaji ngumi. Dereva Alexander Callender na mwandishi wa habari Brian McConnell nao walipigwa risasi.

Beaton alipewa George Cross, ambayo ni ngazi ya juu kabisa. Hills na Russell walipewa George Medal, ngazi ya pili. Callender na McConnell walipewa Queen's Gallantry Medal, ngazi ya tatu, iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo. Bastola ileile, dakika zilezile, ngazi tatu, na sare haikuwa kigezo. Nikisoma kisa hicho naona kinachomtenganisha Beaton ni zaidi ya idadi ya risasi. Baada ya kila jeraha alikuwa na nafasi ya kubaki chini, akarudi mbele, tena akijua silaha yake haifanyi kazi. Hilo unaliona kwa sababu matukio yamepangwa kwa mfuatano: jeraha, bastola kukwama, kurudi, jeraha. Yachanganye katika aya moja ya sifa uone kama litabaki.

Karatasi dhaifu huandikwa hivi: "Konstebo huyu alionyesha ujasiri wa hali ya juu bila kujali maisha yake na kufanikiwa kuokoa familia." Hapo hakuna cha kupima. Chukua moto wa kubuni, uandike namna hii: "Alifika saa 02:14. Mlango wa mbele ulikuwa unawaka. Mama mwenye nyumba alimwambia watoto wawili wako chumba cha nyuma, dirisha lake lina nondo, njia iliyobaki ni kupitia jikoni na huko kuna mtungi wa gesi. Zimamoto walikuwa dakika kumi nyuma. Aliingia kwa dirisha la jikoni, akatoka na mtoto wa kwanza saa 02:17, kiganja cha kushoto kikiwa kimeungua. Aliingia tena. Dari la jikoni lilianguka saa 02:19. Saa 02:21 alitoka na mtoto wa pili kwa dirisha la chumba, baada ya nondo kung'olewa kutoka nje na majirani." Neno ujasiri halimo hata mara moja. Kamati itasimama kwenye yale maneno mawili, "Aliingia tena", na itataka kujua nani aliyeyaona.

Ndiyo maana mashahidi wasipungue wawili, na mmoja asiwe askari. Waandikishe mbalimbali, mapema, kabla hawajakaa pamoja kusimuliana. Maelezo matatu yenye sentensi zilezile na kosa lilelile la tahajia yanasema jambo moja tu, kwamba karani alinakili. Wakitofautiana kidogo, mmoja akisema mita 5 na mwingine mita 10, acha hivyohivyo na ueleze kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Tofauti za namna hiyo hazimwangushi mtu. Tofauti ya nani alitangulia kuingia humwangusha, kwa hiyo hiyo itafutie jibu kabla ya kutuma.

Halafu kuna saa. Shahidi atasema "saa nane usiku", kitabu cha matukio kitaonyesha 02:00, na anayechapa ataandika 08:00. Saa sita zimepotea, na mwenye kusoma anaona mashahidi wanaopingana. Geuza saa zote ziwe za mfumo wa saa 24 tangu mwanzo, kisha msomee shahidi kabla hajasaini. Ambatanisha ukurasa wa kitabu cha matukio, kumbukumbu za redio, fomu ya hospitali na mchoro wa eneo wenye vipimo. Mchoro wa mkono unatosha, mradi uonyeshe kaskazini, umbali, na mahali kila mtu aliposimama.

Kuhusu muda: usikae na jalada. Kwa ujasiri wa raia na polisi, Uingereza kwa kawaida haiangalii tukio lililopita miaka mitano. Marekani ina dirisha finyu zaidi, kitendo kinachotokea kati ya Juni 1 na Mei 31 hupendekezwa kabla ya Julai kuisha. Sababu halali ya kuchelewa ni kesi iliyo mahakamani. Kama mshambuliaji anashtakiwa na askari wako ni shahidi, maelezo ya sifa yanaweza kutumiwa na wakili wa utetezi kuonyesha kwamba shahidi ana faida katika kesi. Andaa kila kitu, funga, tia tarehe, ongea na mwendesha mashtaka, na usitume mpaka akuruhusu. Vivyo hivyo kama risasi ya askari iliua mtu na uchunguzi haujaisha. Medali iliyotolewa juu ya uchunguzi ulio wazi ni aibu ya watu wengi kwa mara moja.

Cheo nacho huharibu. Operesheni ikifanikiwa, jina la kwanza kwenye orodha huwa la aliyeiongoza, hata kama alikuwa kwenye redio kilomita mbili kutoka pale. Kuongoza vizuri ni utumishi na kuna medali yake. Kama walioingia ni wanne, andika karatasi nne, kila moja na kitendo cha mhusika wake. Pendekezo la pamoja lenye "walishirikiana kwa ujasiri" huwaacha wote wanne mikono mitupu, au huwapa wote ngazi ya yule aliyefanya kidogo kuliko wenzake.

Na usimwambie unayempendekeza. Wengi hawapati, na askari aliyeahidiwa halafu akakosa ataifanya kazi ya mwaka unaofuata kwa kinyongo.

Kama amekufa katika tukio lenyewe, soma kanuni mara mbili, kwa sababu si kila medali hutolewa kwa marehemu. George Medal ilianzishwa 1940, lakini mpaka 1977 haikuwezekana kumpa aliyekwisha kufa. Konstebo Keith Palmer, aliyechomwa kisu akilinda Bunge la Uingereza tarehe 22 Machi 2017 akiwa hana bunduki, alipewa mwaka huohuo kwa sababu kanuni ilikuwa imebadilika miaka 40 nyuma. Uliza pia mapema nani atapokea kwa niaba ya familia. Mjane na mama mzazi wakikutana mlangoni siku ya gwaride kila mmoja akiwa na barua ya mwaliko, kosa ni la ofisi iliyotuma barua mbili.

Ikikubaliwa, kazi yako inayobaki ni jina. Medali nyingi huchongwa jina, cheo na mara nyingine namba ya askari kwenye ukingo, ule upande mwembamba unaouona ukiigeuza kama sarafu iliyosimama. Kinachochongwa ni kile ulichoandika kwenye fomu. Tumia jina la kwenye jalada la ajira, herufi kwa herufi, na uulize kama cheo ni cha siku ya tukio au cha leo. Ikishafika, igeuze uusome ukingo kabla haijakabidhiwa. Huvaliwa kifuani upande wa kushoto, yenye hadhi kubwa ikiwa karibu zaidi na katikati ya kifua. Familia ya marehemu, kwa desturi ya nchi nyingi, huvaa kulia. Mwenye medali asiing'arishe kwa dawa ya chuma, maana kila kusugua kunaondoa mchoro kidogo, na medali iliyopakwa dhahabu huchujuka haraka.

Siku ya kukabidhiwa, mwambie askari afike mapema ashonewe au abaniwe ndoano ndogo juu ya mfuko wa kushoto wa sare. Mgeni rasmi huitundika tu medali kwenye ndoano hiyo na kushuka mkono. Bila ndoano ataanza kuhangaika na pini mbele ya gwaride zima, na pini hizo huchoma.