Barua kwa vijana wa Pangani wenye simu mikononi

Wanangu na wajukuu zangu, mlioko nyumbani na mlioko Dar es Salaam na Muscat, salamu sana.

Mwezi uliopita shemeji yangu aliacha vidonge vyake vya kisukari kwa siku tisa. Alikuwa amepata ujumbe kwenye kundi la familia, kwamba majani ya mlonge yanatosha. Tulimkimbiza hospitali hajitambui. Alhamdulillahi, yuko nyumbani sasa. Nilipouliza ujumbe ule umetoka kwa nani, huyu alimtaja yule aliyemrushia, yule akamtaja mwingine, mpaka tukafika kwa mtu ambaye hata hakuusoma.

Chuoni, yaani madrasa, nilipokuwa mdogo, mwalimu wetu hakutusomesha kitabu bila kututajia nani alimsomesha yeye, na huyo naye alisomeshwa na nani. Tulichoka na majina yale. Leo naelewa: elimu ilikuwa na ukoo. Ujumbe unaorushwa hauna ukoo, una mishale miwili tu juu yake. Kwenye WhatsApp mishale hiyo maana yake umepita mikono mitano au zaidi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo haurushwi ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Mkiiona, msiurushe. Ulizeni kwanza.

Ndiyo maana naipenda Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003. Kila makala ina historia yake. Ukiibonyeza unaona nani aliongeza nini, tarehe gani, saa ngapi, hata kama ni kwa jina la kujibandika. Chini huwekwa marejeo. Makosa yamo, lakini kosa la humo linafuatika hadi lilipoanzia.

Sasa fungueni makala za kata za nchi hii. Nyingi ni sentensi mbili tatu: kata fulani, wilaya fulani, wakazi kadhaa kwa mujibu wa sensa. Basi! Mtoto wa Bweni, ng'ambo ya mto wetu, anayevuka kwa kivuko kwenda shule anajua zaidi ya hayo kabla hajamaliza darasa la pili.

Bibi yenu akiinua macho juu ya mnazi anaona kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Ukimletea kitale ukakiita dafu anakurudisha nacho, maana ndani hamna nyama bado. Koroma naye nyama imeshika, ila kwa kukuna na kukamua tui bado. Mjukuu wangu mmoja anasomea kilimo. Majina ya Kiingereza anayo yote, koroma hakulijua. Iliniuma, kwa sababu kosa ni letu tuliokaa kimya.

Basi yaandikeni haya humo. Wahariri wa Wikipedia watawadai kitabu au gazeti cha kuyathibitisha, na wana haki. Koroma limo kwenye kamusi: tajeni kamusi. Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na vitabu vimeandika: tajeni kitabu na ukurasa. Yasiyochapishwa popote, mrekodini mzee kwa ridhaa yake, mwandike jina lake, mahali na tarehe, mhifadhi nakala zaidi ya moja. Simu huanguka majini.

Kuanzia Jumamosi nitakuwa barazani kwangu baada ya alasiri. Njooni na simu zenye chaji. Mlio mbali pigeni, nitapokea. Tutaanza na nazi, kisha majina ya nyavu.

Babu yenu