Barua ya Malalamiko: Punguzo la Chakula kwa Wamiliki wa Zamu

Kwa: Mkurugenzi wa Huduma za Wamiliki, Orlando, Florida
Nakala: Mkurugenzi wa Vyakula na Vinywaji, Bodi ya Chama cha Wamiliki

YAH: PUNGUZO LA CHAKULA LINALOTAJWA WAKATI WA MAUZO NA KUPOTEA MEZANI

Ndugu Mkurugenzi,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wamiliki wa zamu katika hoteli zenu zilizo ndani ya bustani ya burudani, yaani tumenunua kwenu au kwa wenzetu haki ya kukaa humo kwa muda fulani kila mwaka, na haki hiyo hupimwa kwa pointi. Lalamiko letu ni moja, ila lina matawi: punguzo la chakula linatumika kuuzia pointi, kisha likifika mgahawani halina mwenyewe. Mhudumu mmoja analikubali, mwenzake analikataa, programu ya simu hailitambui, na mkataba unalitaja kwa sentensi moja tu ya kuliruka.

Tuanze na kile tusichodai. Hatusemi kwamba ada ya mwaka inatupa haki ya kula kwa bei nafuu. Ada hiyo inalipia usafi, matengenezo, bima, kodi ya majengo, na akiba ya kubadilishia paa, mabomba na samani muda wake ukifika. Migahawa haimo. Ni mali yenu au ya wapangaji wenu, na mishahara ya wapishi haitoki katika mfuko wa chama cha wamiliki. Mmiliki anayegonga meza na kusema "hapa ni kwangu, nipunguzieni" anachanganya vitabu viwili vya hesabu, na hatuko upande wake.

Lakini kama punguzo si haki, mbona linatajwa kwenye ukumbi wa mauzo kana kwamba ni sehemu ya bidhaa? Mnunuzi hupigiwa hesabu: watu wanne, siku saba, milo miwili kwa siku, toa asilimia kadhaa, zidisha kwa miaka iliyobaki ya mkataba. Kiasi kinachotoka hapo kinavutia. Kwenye karatasi, punguzo hilohilo linaitwa manufaa ya ziada yanayoweza kubadilishwa au kufutwa wakati wowote. Sura ya 721 ya sheria za Florida, inayohusu umiliki wa zamu, inampa mnunuzi siku 10 za kalenda za kuvunja mkataba, kuanzia alipotia sahihi au alipopokea hati zote, kutegemea lipi lilitokea baadaye. Siku hizo zinatosha kusoma hati. Hazitoshi kulijua punguzo la chakula, kwa sababu punguzo hujulikana siku mtu anapoketi na kuagiza, na kwa wengi siku hiyo huja miezi baada ya zile 10 kwisha. Sura hiyohiyo, katika kifungu cha 721.11, inakataza matangazo na pia maneno ya mdomo ya muuzaji yanayojenga picha ya kupotosha kuhusu mpango. Kwa hiyo jibu la kwamba "muuzaji aliongea tu" halitutoshi, na lisingepaswa kuwatosha ninyi.

Sasa tuseme kwa nini tunaamini punguzo lina faida kwenu pia, maana barua nyingi za namna hii huomba hisani na kuishia hapo.

Vyumba vya wamiliki vina majiko. Chumba kidogo kabisa kina friji ndogo na maikrowevu. Kuanzia chumba chenye sebule, kuna jiko kamili, oveni, friji kubwa na mashine ya kuoshea vyombo. Mgeni wa kawaida wa hoteli hana hivyo, naye hula nje atake asitake. Mmiliki huletewa vyakula vya dukani siku anayofika na kujipikia. Mshindani mkubwa wa migahawa yenu mmemjenga wenyewe, hatua chache kutoka kitandani.

Mgahawa unaoendeshwa vizuri hutumia takribani asilimia 28 hadi 35 ya mauzo ya chakula kununulia malighafi. Chukua sahani ya dola 30 yenye malighafi ya dola 9. Ukiipunguza kwa asilimia 15 unaiuza dola 25.50, na baada ya kutoa malighafi zinabaki dola 16.50. Jumanne ya Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa na nusu ya meza ziko tupu, mpishi yuko zamu na taa zinawaka hata kama mteja hakuja. Dola 16.50 hizo zinakwenda moja kwa moja kuchangia gharama ambazo mngezilipa hata hivyo. Bila punguzo, mmiliki yuko juu anachemsha tambi na mgahawa umepata sifuri.

Hesabu hiyo inageuka wiki ya Krismasi. Wakati huo kila meza ina foleni, na mlo uliopunguzwa unachukua nafasi ya mlo wa bei kamili. Kwa hiyo hatupingi kuwekwa siku zisizo na punguzo: Krismasi, mwaka mpya, Sikukuu ya Shukrani, tarehe 4 Julai, na wiki za likizo ya Machi. Tunachopinga ni kuzijua siku hizo kutoka kwa keshia. Pombe nayo msiipunguze mkitaka. Hatutagombana kwa ajili ya glasi ya divai.

Kinachotuumiza zaidi ni utekelezaji, na hapa tunaomba barua hii ifike kwa watu wanaosimamia mashine za malipo.

Kwa kawaida mfumo wa vyumba na mfumo wa mgahawani ni mifumo miwili inayoongea kwa maneno machache. Mteja akisema "weka kwenye bili ya chumba", mashine ya mgahawa hupata jina, namba ya chumba na ruhusa ya kukopesha. Kama hakuna alama ya umiliki inayovuka pamoja na hayo, mhudumu hana njia ya kujua anamhudumia nani. Ndiyo maana punguzo hutegemea kadi ya uanachama, na kadi iko ndani ya simu, na simu inahitaji intaneti, na mgahawa uko chini ya jengo la zege. Mhudumu mwenye haraka husema "tutarekebisha baadaye". Baadaye hakurekebishiki kirahisi. Punguzo linapaswa kuingizwa kabla bili haijafungwa. Ikishafungwa, inabidi bili yote ifutwe, iandikwe upya, kodi ihesabiwe tena, na meneja aidhinishe. Katika mgahawa uliojaa, meneja hana dakika hizo, na mteja mwenye watoto wanaosinzia hana pia.

Alama hiyo iwekwe kwa mtu, isiwekwe kwenye nafasi ya chumba. Wapo wamiliki wanaowakodisha wengine pointi zao, na chumba kikishapatikana kwa pointi huonekana kwenye mfumo kama cha mwanachama. Mkiifunga alama kwenye chumba, mpangaji wa wiki moja atapata punguzo, huku mmiliki aliyeingia kula mchana bila kulala hotelini akikosa. Namba ya uanachama iunganishwe na akaunti ya mteja, na akaunti iungwe na mashine ya mgahawa. Hilo likifanyika, tatizo la kuagiza kwa simu nalo linakwisha. Kwa sasa anayeagiza kwa programu hulipa kabla ya kuonana na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna wa kumwonyesha kadi, na foleni ya kaunta ambako kadi inakubalika ndiyo ileile ambayo programu ilitengenezwa kuiondoa.

Kuna suala la mapunguzo mawili kugongana. Mmiliki mwenye pasi ya mwaka ya bustani anaweza kuwa na punguzo la pasi pia. Hatutaki yajumlishwe. Mashine ichague kubwa kati ya hayo mawili, yenyewe, bila mhudumu kumuuliza mteja anataka lipi. Mhudumu akikosea kubonyeza, kampuni haipotezi chochote, mteja ndiye anayepoteza.

Kisha hesabu ya bili yenyewe, ambayo wauzaji wenu hawaigusi. Tuseme chakula ni dola 90 na divai dola 30, jumla 120, katika kaunti ya Orange ambako kodi ya mauzo ni asilimia 6.5. Punguzo la asilimia 10 kwa chakula pekee ni dola 9, zinabaki 111. Kwa kuwa punguzo ni la muuzaji mwenyewe na limetolewa wakati wa mauzo, kodi inahesabiwa juu ya 111, yaani dola 7.22, wala si 7.80. Tozo ya huduma ya asilimia 18, mkiihesabu kwa bei ya kabla ya punguzo, ni dola 21.60. Tukichukulia tozo yote inakwenda kwa wahudumu na haikatwi kodi, mteja analipa 139.82. Bila punguzo angelipa 149.40. Ameokoa dola 9.58, sawa na asilimia 6.4 hivi ya ambacho angetoa mfukoni bila punguzo. Ile asilimia 10 ya ukumbi wa mauzo imeshuka hadi 6.4 bila mtu yeyote kudanganya kwenye mashine. Muuzaji aitaje namba ya pili pia.

Kuhusu tozo hiyo, hatukubaliani na wamiliki wenzetu wanaodai ihesabiwe baada ya punguzo. Tofauti katika mfano huu ni dola 1.62, na mhudumu amebeba sahani zilezile. Acheni ilivyo. Ila sheria ya Florida, kifungu cha 509.214, inataka tozo inayowekwa moja kwa moja itangazwe kwenye menyu na kwenye bili. Ongezeni maneno machache tu: "huhesabiwa kabla ya punguzo". Ugomvi mwingi wa mezani utaisha hapo.

Limebaki la wamiliki walionunua pointi kutoka kwa wamiliki wenzao badala ya kununua kwenu. Hawa mnawanyima punguzo lote. Kwa manufaa mengine tunaelewa: mkiruhusu pointi za mkono wa pili zibebe kila kitu, nani atanunua kwenu kwa bei ya juu? Lakini chakula kina hesabu tofauti, tumeionyesha hapo juu. Aliyenunua mkono wa pili analipa ada ileile ya mwaka, analala chumba kilekile, na ana jiko lilelile. Kumnyima punguzo hakumrudishi kwenye ukumbi wenu wa mauzo. Kunampeleka kwenye oveni. Tena mauzo yale yalipita mikononi mwenu: mnayo haki ya kununua kwanza kila mmiliki anapouza, na mlipoiacha mlimkubali mnunuzi yule. Wapeni angalau kiwango cha chini, siku za katikati ya wiki, nje ya misimu ya watu wengi. Mkiona aibu ya kuwageukia wanunuzi wenu wa moja kwa moja, wao wabakishieni kiwango cha juu na wikiendi.

Tunachoomba, basi, ni haya. Mchapishe ukurasa mmoja unaoonyesha kila mgahawa, asilimia yake, kama pombe, bafe na menyu ya watoto vimo au havimo, na siku zisizo na punguzo kwa mwaka mzima. Ukurasa huo utumwe pamoja na bajeti ya ada ya mwaka, kwa sababu ndio wakati mmiliki anapoamua atumie pointi, azikodishe au azihifadhi. Na ukishatumwa usibadilishwe hadi bajeti nyingine. Mgahawa unaoendeshwa na mpangaji ambaye hakukubali punguzo uandikwe hivyo bila kufichwa. Alama ya umiliki ivuke kutoka kwenye akaunti hadi kwenye mashine na kwenye programu ya simu. Hadi mafundi watakapomaliza, kila keshia apewe kitufe cha punguzo kisichohitaji namba ya siri ya meneja, na akubali kadi ya plastiki au picha ya skrini pamoja na kitambulisho. Bili iliyofungwa bila punguzo irekebishwe na dawati la wamiliki kwa kuonyeshwa risiti, ndani ya siku 30, bila mteja kurudi mgahawani.

Na wauzaji wapewe ukurasa huohuo. Wakitaka kutaja chakula, wamkabidhi mnunuzi nakala yake na aitie sahihi kama hati nyingine. Wasipotaka kuukabidhi, wasilitaje punguzo.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii, likieleza lipi mnakubali, lipi mnakataa na kwa sababu gani. Suala la mifumo tunajua litachukua muda, kwa hiyo kwa hilo tunahitaji tarehe tu. Suala la maneno ya ukumbi wa mauzo halihitaji fundi. Lisipojibiwa, tutalipeleka, pamoja na nakala za vipeperushi vya mauzo na za mikataba, kwa idara ya jimbo la Florida inayosimamia umiliki wa zamu.

Wenu,

Kamati ya Wamiliki wa Zamu

Viambatanisho: nakala za bili 3 zenye punguzo lililokataliwa, nakala ya kifungu cha mkataba kuhusu manufaa ya ziada, jedwali la mfano la ukurasa tunaoupendekeza.