Kwa nini tunaosha seti iliyokuja ikiwa safi

Sisi huzioshea hospitali vifaa vya upasuaji na kuviua vijidudu, na lalamiko ni lile lile: hospitali imeazima seti ya vifaa vya kubadilishia nyonga, imefika ikiwa imefungwa vizuri na inang'aa, kisha ankara yetu inaonyesha gharama ya kuosha. Mteja mmoja alituambia waziwazi kwamba tunamtoza kwa kazi iliyokwisha kufanywa na wengine, na kwamba angeipitisha mwenyewe kwenye mashine ya mvuke wa kuua vijidudu usiku ule ili asubuhi wapasue.

Mvuke hauoshi. Mashine hata ikishika nyuzi 134 za Selsiasi kwa dakika zinazotakiwa, palipoganda damu au chembe ya mfupa mvuke haupenyi. Tulipoifungua seti yake, tulikichukua kifaa cha kuchongea tundu la nyonga, kile chenye umbo la kikombe na meno yenye matundu, tukakigonga mara mbili juu ya kitambaa cheupe. Kilidondosha unga wa kahawia, nao ulikuwa mfupa wa mgonjwa mwingine.

Ndiyo maana kila kinachofunguka tunakifungua, kila mrija tunaupitisha brashi mpaka maji yatoke maangavu, na pakiti iliyotoka na unyevu inarudi mwanzo. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko wa mashine ya mvuke, hatujumlishi dakika, tunaanza upya. Tepu ya kufungia pakiti iliyogeuka rangi, ambayo wengi huionyesha kama hati, inathibitisha tu kwamba pakiti ilipata joto.

Hatudai kwamba kila maambukizi hutoka kwenye trei ya vifaa. Yapo ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe, ya kisukari kisichodhibitiwa, na ya antibiotiki iliyotolewa kwa kuchelewa. Lakini kwenye kiungo bandia bakteria wachache sana wanatosha, kwa kuwa hujijengea utando juu ya chuma ambao dawa huupenya kwa shida. Hapo huenda mgonjwa akapasuliwa tena, kiungo kikatolewa, akakaa wiki kadhaa na saruji ya mifupa yenye antibiotiki mahali pake, kisha akapasuliwa mara nyingine kuwekewa kipya. Hospitali yenye chumba kimoja cha upasuaji ikishalipia hayo, ankara yetu ni ndogo sana.

Kwa hiyo seti iletwe siku mbili kabla. Mteja yule aliuahirisha upasuaji, akalipa akinung'unika. Kitambaa tulimpelekea pamoja na risiti.