Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Uwanja wa ndege wa Mwanza uanze na minofu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mwanza. Ninaandika kuhusu uwanja wetu wa ndege. Ombi langu ni moja: mpango wake wa biashara uanze na mizigo, abiria wafuate.

Jengo jipya la abiria tumelidai kwa miaka mingi na tunalihitaji. Lakini abiria huvumilia foleni, mnofu wa sangara hauvumilii. Ukishakatwa kiwandani hulazwa kwenye boksi lenye barafu, na tangu hapo kila saa inayopita inakula bei yake huko Ulaya. Kwa miaka mingi boksi hilo limekuwa likipakiwa kwenye lori lenye jokofu, likipita Musoma, likivuka mpaka wa Sirari, ndipo lipande ndege Nairobi. Ada ya kuhifadhi, ya kupakia na ya kutua zinabaki kwa jirani. Vijana wa Ilemela wanaoishi ukutani mwa uwanja hawapati hata kibarua cha kubeba.

Juni 2023 tulishangilia kuipokea Boeing 767 ya mizigo ya Air Tanzania, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Najua kuileta huku kunahitaji hesabu. Ndege ya mizigo hulipa ikijaa kwenda na kurudi. Ikija tupu kutoka Dar es Salaam kufuata samaki, gharama hiyo itaangukia kila kilo. Mafuta nayo lazima yasafirishwe kutoka bandarini hadi huku. Kwa hiyo naomba mkae na wenye viwanda, wanunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) na mashirika ya ndege, mkubaliane siku maalumu za kila wiki, tani zilizoahidiwa kwa maandishi, na punguzo la ada ya kutua kwa miaka ya mwanzo. Shirika halifuati urefu wa njia ya kurukia, linafuata mzigo ulio tayari. Chumba cha ubaridi kiwe jirani na maegesho ya ndege, na maofisa wa uvuvi na forodha wakague hapo hapo, hata usiku. Sangara wamepungua ziwani, hivyo tani hizo zisiandikwe kwa kukisia.

Kwa abiria, soko linabadilika. Tangu Julai 2024 msafiri wa Dar es Salaam hadi Dodoma ana treni ya SGR, reli ya kisasa, ya kuchagua, na reli hiyo inajengwa kuja kwetu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaleta karibu watu wa Sengerema na Geita. Chato nako kuna uwanja. Viwanja hivi viwili vikigombania abiria wale wale, vyote vitadhoofika. Chato ipewe watalii wa hifadhi ya Burigi na ndege za kukodi, Mwanza ipewe safari fupi za miji ya Maziwa Makuu zisizomlazimisha mtu kuzungukia Dar es Salaam.

Tunaomba mpango huo uwekwe hadharani kabla ya bajeti ijayo ya Wizara, ukitaja ofisi itakayowajibika kwa ratiba ya mizigo.

Wako,
Mkazi wa Mwanza