Barua kwa Mama Neema: nunua hema la Kitulo

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Habari za Iringa na za watoto? Huku sote wazima, ila baridi imeshabisha hodi na masweta yametoka sandukuni.

Umeniuliza kama mchukue lile hema la watu sita ulilolionea dukani, au msubiri hela itoshe mnunue lile la kufunga juu ya gari analolililia Baba Neema. Kwangu si hilo wala si lile, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu hela ya hema ikishatoka hairudi.

Kwanza tazama mnakokwenda. Julai mtakuwa hifadhini Ruaha, Krismasi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Februari Kitulo kuona maua. Ruaha mwezi wa saba ni kiangazi, ardhi ngumu, vumbi, mvua hakuna. Matema iko chini, kama mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na Desemba kuna joto, mbu na mvua ya ghafla. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600, na maua yenyewe hutoka msimu wa mvua, kwa hiyo mkiyafuata mmeifuata mvua. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Toka Matema hadi Kitulo ni tofauti ya nyuzi kumi na tatu, na huko juu hakuna mti wa kukinga upepo. Hema linaloweza Kitulo litalala Matema mkifungua madirisha. La kulala Matema tu, mkilipandisha Kitulo mtakesha ndani ya gari lenu la Noah. Nunua la Kitulo.

Sasa hiyo namba ya watu. Usiiamini. Wanaoiandika wanahesabu watu waliopangwa kama samaki kwenye tenga, bila begi, bila ndoo, bila mtoto anayelala kimshazari. Mahema mengi ya watu sita yana sakafu ya mita 3 kwa 3. Gawanya kwa sita: kila mtu sentimita 50. Ninyi ni watano, na mnataka godoro la sponji la futi 5 kwa 6 la wakubwa, la futi 4 kwa 6 la wadogo wawili, na la futi 2 na nusu la Neema. Yakipangwa ubavu kwa ubavu ni sentimita 152, 122 na 76, jumla mita 3 na nusu. Hema lina mita 3. Mnaweza kulilaza la Neema miguuni mwa wengine, litaingia, lakini atakayetoka usiku kwenda haja atamkanyaga.

Chukua chaki, chora sebuleni mstatili wa vipimo vilivyoandikwa kwenye mfuko, halafu panga magodoro ndani yake. Kazi ya dakika kumi, na inafundisha kuliko muuzaji yeyote. Kisha toa sentimita 20 kila upande ambao ukuta wa hema unalala, maana hema la kuba ni pana sakafuni tu. Kwenye kimo cha mto wa kulalia ukuta umeshaingia ndani, na blanketi likigusa kitambaa chenye unyevu litaunyonya hadi asubuhi. Kwa hesabu hiyo familia yako inataka hema linalouzwa kama la watu wanane, sakafu ya karibu mita 4.2 kwa 3, lenye pazia la kugawa vyumba viwili, na kibaraza cha mita moja na nusu mbele. Kibaraza si urembo. Ndipo viatu vya matope, koti za mvua na ndoo vinapolala, na bila hicho vyote vinaingia ndani.

Lile la dukani lina kasoro nyingine kubwa kuliko ufinyu. Kwenye picha uliyonitumia paa la nje, kile kitambaa cha juu cha kuzuia mvua, linaishia katikati ya ukuta, kama kofia. Hema la namna hiyo ni zuri kwa uani Iringa mwezi wa Oktoba. Mvua ya Kitulo au ya Kyela, wilaya iliko Matema, haiji kwa wima. Upepo unaitupa ubavuni, inapiga ukuta wa ndani, na ule ukuta ni neti na kitambaa chepesi kisichozuia maji. Tafuta paa la nje linaloshuka hadi kubakiza sentimita tano au kumi kufika chini, pande zote nne. Wavu wa chumba cha ndani uwe na kitambaa cha pili cha kufunga kwa zipu: Matema mnaacha neti peke yake, Kitulo mnafunga na kuacha matundu ya juu tu.

Utaona pia namba ya milimita kwenye mfuko, 1,500 au 3,000. Hicho ni kipimo cha maji: wanasimamisha bomba juu ya kitambaa, wanajaza maji, na kuangalia yafike kimo gani ndipo yapenye. Paa la milimita 1,500 linahimili mvua ya kawaida. Kwa huku kwetu nenda 2,000 hadi 3,000. Sakafu itake zaidi, 3,000 au 5,000, kwa sababu goti la mtu mzima linalikandamiza turubai kwenye nyasi zenye maji na kuyasukuma ndani. Lakini namba kubwa haisaidii kitu kama mishono haikuzibwa. Geuza paa uangalie upande wa ndani: juu ya kila mshono pawe na utepe wa plastiki uliogandishwa kwa joto, haujainuka pembeni. Sindano imetoboa matundu maelfu, na maji hayahitaji zaidi ya hayo.

Kitambaa chenyewe kiwe poliesta. Nailoni ikilowa inalegea, usiku wa manane unaamka kukaza kamba, na jua la nyanda za juu linaichakaza mapema. Turubai la pamba ni tamu kulilalia, lina hewa, halipigi kelele upepo ukivuma, lakini la ukubwa wenu na nguzo zake za chuma hupita kilo 40, na ninyi mna Noah yenye abiria watano. Mkija kulipata siku moja, mlilowanishe na kulianika kabla ya safari ya kwanza ili uzi uvimbe na kuziba matundu ya sindano.

Fito ndizo huvunjika. Hema la bei nafuu lina fito za faiba, na kwa hema kubwa zile za milimita 8.5 ni nyembamba mno. Zikipindwa na upepo zinapasuka kwa urefu kama muwa na nyuzi zake zinachoma vidole. Ziwe za milimita 11 au 12.7, au za alumini ambayo hupinda kabla ya kuvunjika na huweza kunyooshwa. Beba kipande cha ziada, na bomba fupi la chuma la sentimita 10 ambalo fito inaingia bila kulegea sana: ikivunjika unalisukuma hadi kwenye jeraha, unafunga gundi ya utepe pande zote mbili, na safari inaendelea. Epuka pia hema la kuta zilizosimama wima kama nyumba ya bati. Kusimama ndani ni raha, ila Kitulo zinapokea upepo kama tanga. La fito zinazopishana juu linatulia zaidi, na mkilisimamisha upande mfupi ulielekee upepo, na Noah iegeshwe upande huo huo kama ukuta, mtalala. Injini izimwe usiku kucha, moshi wa gari usije ukaingia hemani.

Vigingi vinavyokuja na hema vitupe, au uwape watoto wachezee mchanga. Ni waya wa sentimita 18 unaopinda kwenye jiwe la kwanza. Nenda kwa fundi anayechomelea mageti, mwambie akate nondo ya milimita 10 vipande 16 vya sentimita 40, achonge ncha na apinde kichwa. Ni mita 6.4 tu za nondo. Hivyo vinaingia ardhi ngumu ya Ruaha kwa nyundo ya kilo moja na havichomoki kwenye udongo laini wa Kitulo. Vipigwe vikiegemea nje, kichwa mbali na hema na ncha ikielekea hema, kamba iwe karibu na ardhi. Kila kichwa kivalishwe chupa ya maji iliyokatwa, kwa usalama wa vidole vya wanao. Kwenye mchanga wa Matema hata nondo inachomoka. Hapo jaza mchanga kwenye viroba, funga kamba katikati ya kiroba, fukia futi moja kwenda chini na ushindilie kwa miguu.

Chini ya hema tandika turubai, lakini liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita tano kila upande. Watu wengi hutandika kubwa wakidhani ndiyo usalama. Linalotokeza nje linakinga maji ya paa na kuyapeleka moja kwa moja chini ya magodoro, halafu lawama wanapewa wenye kiwanda.

Kuhusu la juu ya gari, mweleze Baba Neema kwa upole. Mengi yana uzito wa kilo 50 hadi 80, na hapo bado keria. Kitabu cha gari kinataja uzito ambao paa linabeba gari likitembea, na huo ndio wa kufuata. Wa gari lililosimama ni mwingine na ni mkubwa zaidi. Mahema hayo kwa kawaida ni ya watu wawili au watatu, kwa hiyo bado mngehitaji la chini. Ruaha ndiko linakochosha kabisa: kila alfajiri mnapotaka kwenda kutazama wanyama kwa gari lenu, nyumba lazima ikunjwe kwanza. Na mtoto wa miaka minne kushuka ngazi saa nane usiku kwa ajili ya mkojo, hilo sina la kuongeza.

Baridi. Sponji ya inchi 6 haitaingia kwenye Noah na watu, chukua za inchi 3. Magodoro ya kujaza upepo yanavutia kwa udogo wake, ila hewa iliyo ndani inapoa na kukunyang'anya joto la mgongo. Mkiyatumia, kila blanketi moja juu liwe na jingine chini. Asubuhi mtakuta matone ndani ya paa na mtasema hema linavuja. Ni pumzi za watu watano zilizogonga kitambaa baridi. Dawa ni kuacha matundu ya juu wazi, ingawa moyo unataka kuziba kila kitu. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata kidogo, wala la gesi, wala makaa "yaliyokwisha moshi". Sumu yake haina harufu, haionekani, na inaua watu usingizini. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kufungwa soksi yanatosha miguuni pa mtoto.

Kwa Ruaha, sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta, na zipu zifungwe mchana pia, kwa ajili ya nge na nyoka. Chakula kilale garini. Machungwa na maembe ndani ya hema ni kumkaribisha tembo, na nyani wanajua kuchana neti. Vumbi la huko hula zipu kabla ya kitu chochote: zipige mswaki mkavu kila jioni, uzipake nta ya mshumaa, na chagua hema lenye zipu za meno manene.

Ukishindwa bei ya jipya na ukakuta la mtumba Mwanjelwa au huko kwenu, lifungue lote. Lipitishe puani. Likinuka kama matapishi na upande wa ndani unanata vidoleni, au unabanduka vipande kama ngozi iliyoungua jua, lile gamba la kuzuia maji limeoza na hakuna fundi wa kulirudisha. Mshono uliofunguka, huo unatibika kwa gundi ya mishono inayolingana na kitambaa. Silikoni ya mafundi vioo haitashika kwenye kitambaa kilichopakwa poliurethani, yaani lile gamba la kuzuia maji, itabanduka kama utando wa uji.

Likishafika nyumbani, lisimamisheni uani mara mbili kabla ya Julai. Mara ya pili mkiwa na saa mkononi, maana Kitulo mvua inaweza kuwakuta mkiwa mmeshika fito. Siku ile ya pili lipigeni maji ya mpira nusu saa nzima, pembeni na kwenye mishono, mtu mmoja akiwa ndani na tochi na karatasi kavu akipapasa. Mkirudi kutoka safari ya mvua lisilale kwenye mfuko. Siku moja au mbili zinatosha ukungu kuota, na madoa yake hayatoki.

Nipimie nafasi iliyopo nyuma ya Noah siti za mwisho zikiwa zimekunjwa pembeni, urefu, upana na kimo, kabla hujalipia chochote. Mfuko wa hema la watu wanane unaweza kufika sentimita 120, na nisingependa usafiri na Neema akiwa ameukumbatia hadi Makete.

Msalimie Baba Neema na wanao.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini